Unga wa Kijani wa Tusekile

Mnashangaa kwa nini mwalimu wenu alisema "Unga mzuri hauogopi chekeche," na hali darasani hakuna aliyekuwa akisonga ugali. Ugali haumo kabisa. Methali hii ilianza hivi, hapahapa Tukuyu, na aliyeianzisha ni shangazi yangu Tusekile. Nikijivuna katikati ya hadithi, nivumilieni.

Shangazi alichuma chai shambani miaka ishirini. Kisha akaajiriwa na Bi Fumie, mama wa Kijapani mwenye nyumba ya wageni, aliyewaandalia wageni wake macha, chai ya kijani ya kwao inayosagwa ikawa unga laini. Siku ya kwanza shangazi aliichemsha na maziwa na tangawizi mpaka ikafura, kama tufanyavyo sote huku. Ikawa chungu kama mwarobaini. Bi Fumie hakumgombeza. Alimfundisha kuuchagua unga, kuuchekecha na kuukoroga, na shangazi akashika yote.

Mwaka wa nne Bi Fumie alilazimika kurudi kwao kumuuguza mama yake. Akasema chumba cha chai atamkabidhi mtu anayeweza kuchagua unga na kuuandaa bila yeye. Shangazi alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Bwana Lwitiko, aliyekuwa akileta unga kutoka Dar es Salaam, alikitaka pia, naye alikuwa msomi wa chuo kikuu.

Siku ya kuamua, mbele ya Bi Fumie na wageni wake, Lwitiko alileta makopo mawili ya unga, moja la rangi ya dhahabu, jingine la kawaida tu. Akalisifia lile la dhahabu. Shangazi alichota kidogo katika kila kopo, akaupaka unga kwenye karatasi nyeupe. Ule wa kopo la dhahabu ulielekea umanjano na kunuka majani makavu. Wa pili ulikuwa kijani kibichi, ukinukia kama chipukizi lililochumwa asubuhi.

Akaomba chekeche. Lwitiko akasema kuchekecha ni kuidharau bidhaa yake, na kwamba ukiichemsha na maziwa na sukari hakuna atakayejua tofauti. Shangazi akachekecha. Unga wa kopo la dhahabu uliacha vijiti na chenga juu. Ule wa pili ulipita wote.

"Mchuma chai aliyeishia darasa la tano atanifundisha mimi?" Lwitiko aliuliza.

"Sikufundishi, kaka," shangazi alisema. "Unga mzuri hauogopi chekeche. Nami siogopi. Nipimeni hapahapa, mbele ya watu wote."

Bi Fumie akamsogezea bakuli. Shangazi aliyaacha maji yaliyochemka yatulie kwanza, akamimina kidogo juu ya unga wa lile kopo la kawaida, akakoroga kwa kijifagio cha mwanzi, mkono ukienda mbele na nyuma, mpaka povu laini likafunika juu. Bi Fumie akanywa yote. Kisha aliinama chini kabisa mbele ya mchuma chai wa Tukuyu.

"Chumba ni chako, dada," alisema. "Nikirudi, nitakuja kama mgeni wako."

Shangazi alikiendesha miaka thelathini, na wageni walikuja kutoka mbali kwa ajili ya mkono wake. Basi mwalimu akikuita ubaoni, usinung'unike wala usijifiche nyuma ya mwenzako. Umejifunza, simama upimwe. Unga mzuri hauogopi chekeche.