Perege wa Ndoo ya Bi Nyange

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana baadhi yenu mliokaa hapa mmeyanywa maji hayo, palikuwa na kiwanda cha mkonge kilimani na kijiji bondeni. Mto ulipita kote kuwili. Maji ya kuoshea mkonge yalikuwa makali, yanawasha hadi nyayo, kwa hiyo kiwanda kiliyafungia katika bwawa lenye tuta la udongo.

Sheria ikawekwa, na kila mtoto aliijua. Bwawa likitaka kupunguzwa, maji yake yanachotwa kwenye ndoo, na perege watatu wanatiwa humo tangu jua linapochomoza hadi adhuhuri. Perege wakiogelea, pampu inawashwa kuyamwaga maji mtoni na kitambaa cheupe kinapandishwa penye kona ya mto: choteni, kunyweni. Perege wakipinduka, pampu inanyamaza na kitambaa ni chekundu: msiguse.

Ndoo ililindwa na Bi Nyange. Pampu ilikuwa ya Mhina. Kitambaa kilikuwa cha Mzee Kihiyo.

Mwaka huo tuta lilifanya nyufa. Mafundi wakaanza kulikarabati, na kabla hawajafika nusu masika yakawakuta. Maji yakapanda. Chini ya tuta ilikuwapo kambi ya wakata mkonge, nyumba arobaini zenye watu ndani.

Bi Nyange akatia perege wake, akafunika ndoo kwa turubai, kwa kuwa sheria ilikataza mvua isiingie. Saa nne akapita mwanamke wa kambini anakimbia, kabeba kichanga cha siku tatu, kimelowa, midomo imegeuka rangi. Bi Nyange akavuta lile turubai, akamfunika mtoto. Mvua ikanyesha ndani ya ndoo hadi ikafurika. Adhuhuri ilipofika, perege waliogelea kwa raha zao. Samaki wa watu, wangejuaje? Walikuwa wakiogelea katika maji ya mvua.

"Wazima!" akapiga kelele Bi Nyange.

Mhina akasikia. Bomba lake la kufyonzea lilitakiwa kuelea juu ya pipa tupu, livute maji yaliyotulia. Lakini pipa lile mafundi walikwisha kulijaza udongo na kuzibia ufa. Mhina akalitupa bomba hadi chini, kwenye tope, akawasha. Tuta likasimama. Kambi ikapona.

Mzee Kihiyo akapandisha kitambaa cheupe. Haukupita muda akaona povu jeusi linateremka. Sheria ilisema kitambaa hakibadilishwi ila kwa neno la mlinzi wa ndoo. Basi akakiacha cheupe kikipepea, akaanza kupanda kilima na magoti yake mabovu, kwenda kuuliza.

Huku chini Mama Mwasiti akafika mtoni. Akaona maji meusi. Akaona kitambaa cheupe. Akachota. Mwasiti, miaka mitano, ndiye aliyekuwa na kiu zaidi, akanywa wa kwanza. Siku ya tatu tulimzika. Nilishika jembe mimi mwenyewe, na kaburi lilikuwa fupi, jamani, fupi mno.

Sasa, bondeni kwetu aliyeua kwa maji hubeba maji. Ni mmoja, na mfiwa ndiye anayemtaja. Huyo ataleta ndoo mlangoni kila alfajiri hadi afe, na watu watamwita Muuaji. Wengine wanakuwa safi. Mpaka atakapotajwa, mfiwa hachoti wala hapokei maji ya mtu.

Baraza likakaa. Mwenyekiti akasema, "Semeni."

Bi Nyange akamwambia Mama Mwasiti, "Mwanangu, niliona mtoto anakufa mbele yangu, nikamfunika. Yu hai hadi leo. Nilikumbuka kwamba ndoo i wazi. Nilikumbuka, nikaona perege wanaogelea, nikataka kuamini."

Mhina akasema, "Shangazi, niliona nyumba arobaini. Nilijua bomba li topeni. Lakini perege walisema maji ni mazuri, mimi ni nani nibishane nao?"

Mzee Kihiyo akasema, "Binti yangu, niliona povu. Mkono wangu ulishika kamba. Miaka ishirini sijavunja sheria hata siku moja. Ningeivunja, Mwasiti angekuwa anacheza."

Akalia, mzee mzima, mbele ya watu.

Mwenyekiti akamgeukia mfiwa. "Taja, Mama Mwasiti."

Mama Mwasiti alikuwa na mimba ya miezi saba. Midomo imempasuka.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Mimi niliyaona maji ni meusi. Nilimpa mwanangu kikombe kwa mkono wangu huu. Niliamini kitambaa kuliko macho yangu."

Hakutaja mtu.

Kesho yake alfajiri ndoo tatu zilikuwa mlangoni kwake, za maji safi ya chemchemi. Akazitazama. Akinywa ya mmoja, amemtaja. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Leo ni siku ya pili tangu ajifungie. Mtoto tumboni hachezi kama jana. Nimetoka kwake sasa hivi, nimegonga, na kilichoitika ni kikohozi kikavu tu.

Basi ninyi mnaojua kuhukumu, semeni upesi, nikamwambie: je, nani anastahili kubeba ndoo?