Nyuki wa Tirza Wahama Siku ya Sabato

Kaeni, kaeni. Wewe unayetafuna, tafuna kimya. Zamani, wajukuu zangu, zamani hasa, bibi wa bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na mjane wa Kiyahudi katika milima ya Galilaya, jina lake Tirza. Alikuwa na binti mmoja, Noa, na mzinga mmoja wa nyuki. Mmoja tu! Asali ya mzinga huo ndiyo iliyowalisha.

Basi siku ya Sabato, siku ambayo Wayahudi hawavuni wala hawanasi kiumbe, nyuki wakahama. Wote. Wakajikusanya kwenye tawi la mzeituni, wakaning'inia. Nyuki wakitua hivyo wanatafuta nyumba mpya, na wakiipata, kwaheri, huwaoni tena.

Shemeji yake Asheri akaja mbio na kapu. Akasema wafunikwe upesi, Mungu ana huruma, ataelewa.

Tirza akalitazama kapu. Aliwataka nyuki wale, jamani, aliwataka! Lakini akasema, "Shemeji, Sabato si mbuzi, kwamba njaa ikibisha hodi tunaichinja. Weka kapu chini."

Akakaa chini ya tawi. Akakaa, jua likapanda. Akakaa, jua likashuka. Siku nyingine asingekaa hivyo, kazi zingemkimbiza. Nyuki mmoja akamwangukia mkononi, mwepesi, tumbo limesinyaa, akaanza kulamba kidole kilichobaki na utamu wa mkate wa asubuhi. Alilamba, akalamba, mpaka Tirza akaona haya.

"Noa," akasema, "hawa wana njaa. Sheria inatuamuru tusivune pembe za shamba, maskini wapate chao. Shambani nimeacha kila mwaka. Mzingani nimekwangua mpaka ubao."

Nyota tatu zikatokeza, Sabato ikaisha, nyuki bado wapo. Asheri akanyakua kapu. Tirza akamwambia angoje kwanza. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa mwisho wa asali, ule wa kuwavusha wakati wa baridi, akamimina nusu mzingani. Ndipo akalikung'uta tawi, nyuki wakaanguka kapuni, akawamwaga mlangoni pa mzinga.

Wakasita. Tirza akasema moyoni, nimekwisha. Kisha mmoja akaingia. Wa pili akaingia. Kundi zima likaingia kwa miguu, na mzinga ukaanza kuvuma.

Kwa hiyo sikilizeni: amri ya Mungu haikomi mpakani mwa shamba. Kiumbe anayekulisha, mwachie chake. Mimi nimeutua mzigo wangu. Mwenye masikio ajitwike, aliyesinzia shauri yake.