Dole Gumba na Vidole Vitatu

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, nao walipokea kwa walioishi karibu na habari hizi, kwamba katika zama za waja wema palikuwa na mji mdogo wenye ngome ukiitwa Sanjaband, mpakani mwa nchi ya Khurasani. Watu wake walikuwa wakulima na wafumaji, na kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa na zamu yake ukutani, kwa sababu wanyang'anyi wa jangwani waliwashambulia mara kwa mara wakachukua mifugo na watu.

Katika mji huo aliishi mwalimu wa upinde, Ghaylani bin Sabur, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu. Hakugusa upinde ila ana udhu, wala hakuachia mshale ila kwa kutaja jina la Mola wake. Elimu yake aliichukua kwa Shekhe Abu Nadhiri, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, na Ghaylani ndiye pekee aliyebaki hai katika wanafunzi wa shekhe yule. Kwa hiyo kila aliposema "nilimsikia shekhe wangu," watu walinyamaza wakasikiliza.

Na upinde, ndugu zangu, huvutwa kwa njia zaidi ya moja. Wako wanaoukunjia dole gumba ule ugwe wake, yaani kamba ya upinde, kisha wakalifunga dole hilo kwa kidole cha shahada, na ngozi hulindwa kwa pete ya pembe. Na wako wanaovuta kwa vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, na dole gumba halina kazi. Ghaylani alivuta kwa dole gumba kama alivyofundishwa, na karibu wote wa Sanjaband walimfuata.

Ikawa akahamia mjini mtu aitwaye Zuraiki, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, mzaliwa wa nchi za magharibi. Yeye alivuta kwa vidole vitatu kama alivyomwona baba yake. Siku moja walipiga shabaha mbele ya amiri wa ngome na umati wa watu. Mishale ya Zuraiki yote mitano ilikaa mahali pamoja. Ya Ghaylani minne ilikaa, na wa tano ukapita pembeni ukachoma udongo. Watu wakanong'onezana. Zuraiki hakujisifu, alimwendea mwalimu kwa adabu, akamuuliza kama mvuto wake una ubaya wowote, au ni njia nyingine tu.

Ghaylani alikuwa amefunga siku ile. Lakini saumu haikumzuia kuona haya mbele ya amiri, na haya ile ikageuka hasira. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nilimsikia shekhe wangu Abu Nadhiri akisema: asiyevuta kwa dole gumba hana nafasi katika safu yetu."

Na shekhe hakupata kulisema neno hilo hata siku moja.

Zuraiki aliinamisha kichwa, akamwombea shekhe rehema, akavua podo lake la mishale na kuliweka chini. Tangu siku ile akaenda kufyatua matofali ya kukarabati ukuta. Katibu wa amiri naye akaliandika neno lile kwenye ubao, ukatundikwa juu ya mlango wa ghala la silaha, ili kila aingiaye alisome.

Palikuwa na ndugu wawili wa baba na mama mmoja, Mundhiri na Hanashi. Mundhiri ndiye aliyekuwa mkuu wa safu ya wapiga mishale, na alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Ghaylani. Hanashi alipoteza dole gumba la mkono wa kulia katika jiwe la kusagia tangu utotoni, kwa hiyo hakuwa na njia ila vidole vitatu. Mundhiri alimpenda nduguye, lakini alikuwa mtu wa kutii. Alimpeleka mbele ya ubao, akamsomea, akamwambia kwamba hawezi kumweka katika safu kinyume cha neno la shekhe. Hanashi hakubishana. Baada ya siku chache aliondoka mjini, akawa mlinzi wa misafara ya chumvi.

Haukupita mwezi wa pili akarudishwa juu ya mgongo wa ngamia, amefunikwa shuka.

Wenzake walionusurika walieleza kwamba wanyang'anyi walipowatokea, Hanashi alikuwa na upinde wake na podo limejaa. Wakampigia kelele apige. Akawajibu kwamba waalimu wameukataza mkono wake, akashika gongo, akasimama mbele ya ngamia mpaka akaanguka.

Watu wakamwomba Ghaylani amsalie maiti, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa nduguye. Aliinua mikono kwa takbira ya kwanza, na ulimi ukawa mzito hata waliokuwa nyuma wakadhani ni majonzi ya mwalimu kwa ndugu wa mwanafunzi wake.

Tangu siku hiyo Ghaylani hakupata utulivu. Alianza sala ya adhuhuri akasahau amesali rakaa ngapi, akaanza tena, akasahau tena. Alikaa kula akasimama kabla ya tonge la tatu. Alitoka nyumbani kwenda uwanja wa shabaha, akafika nusu ya njia, akarudi, akasimama uani kama mtu aliyesahau alichofuata. Mkewe, Bi Lubaba, alimwangalia siku kadhaa bila kusema. Mwishowe akamuuliza nini kinachomsumbua. Ghaylani alisema ni dole gumba, linamuuma kwa kuvuta. Bi Lubaba akampashia moto mafuta ya ufuta, akamkanda. Dole halikuwa na uvimbe wala joto, na mke alilijua hilo, lakini alimsitiri mumewe akaendelea kukanda.

Kisha shetani akamfungulia mlango mwingine. Ghaylani alijiambia: huenda neno lile ni kweli, ijapokuwa shekhe hakulisema. Huenda mvuto wa vidole vitatu una kasoro, na nikiipata kasoro hiyo, basi sikumdhulumu mtu. Akawa anakwenda peke yake uwanjani wakati wa mchana mkali, watu wakiwa wamejilaza, akavua pete ya pembe na kushika ugwe kwa vidole vitatu.

Mishale ya kwanza ilianguka ovyo. Akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kuona mshale unaanguka. Lakini mkono wa fundi haukubali kudanganywa kwa muda mrefu. Siku ya tatu aliona kwamba kosa lilikuwa lake: alikuwa ameulaza mshale upande wa kulia wa upinde, kama wafanyavyo wenye kuvuta kwa dole gumba. Akauhamishia upande wa kushoto. Ukaenda moja kwa moja. Akapiga mwingine, ukakaa karibu na ule. Alipiga mpaka ngozi ya ncha za vidole ikachubuka, akiitafuta kasoro, na kila mshale ulipokaa mahali pake moyo wake ulizidi kupapatika. Aliyaona na mengine: kwamba dole gumba lina wepesi kwa mwenye kupanda farasi, na vidole vitatu vina uthabiti kwa aliyesimama ukutani. Kila mkono una unaloliweza. Haramu haikuwamo.

Akajaribu kulipa kwa siri. Akafunga siku mfululizo. Akapeleka ngano nyumbani kwa mama yake Hanashi, akaiacha mlangoni. Akamwombea Zuraiki dua baada ya kila sala. Hapakuwa na raha katika hata moja ya hayo, kwa sababu kila alipopita ghalani ubao ulikuwa bado juu ya mlango, na jina la shekhe wake limeandikwa juu yake.

Katikati ya wiki moja zikaja habari kwamba wanyang'anyi wanajikusanya kwa wingi na watafika baada ya siku chache. Amiri akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, Mundhiri atasoma majina ya watakaosimama ukutani. Kila mtu alijua kwamba watu hawatoshi.

Alhamisi asubuhi Ghaylani alikwenda kwa Bibi Sumaika, binti wa Shekhe Abu Nadhiri. Alikuwa mwanamke mzee, kipofu, aliyewafundisha wanawake wa mji Kurani. Ghaylani alikaa nyuma ya pazia, akasimama, akakaa tena. Bibi Sumaika akamwambia atulie kwanza, kwa kuwa alikuwa akimsikia anavyohangaika.

Ghaylani akaanza kwa kusema kwamba yuko mtu mmoja aliyemzulia mwalimu wake neno, na mwalimu huyo ni marehemu, na mtu huyo anataka kujua kafara yake. Bibi Sumaika akauliza ni neno gani. Ghaylani akalitaja kama lilivyoandikwa.

"Baba yangu hakusema hivyo," akasema.

"Hakusema, Bibi."

"Aliwahi kunifundisha mimi kuvuta, kabla macho yangu hayajaondoka. Mikono yangu ilikuwa midogo. Akaniambia nitumie vidole nitakavyoweza."

Ghaylani akalia. Akasema kwamba yeye ndiye mtu huyo, na kwamba amekuja kutubu mbele ya mrithi wa shekhe, na anaomba asamehewe.

"Haki ya baba yangu iliyo mikononi mwangu nimekuachia," akasema Bibi Sumaika. "Lakini mimi ni mtu mmoja, Ghaylani. Ulipolisema ulikuwa mbele ya watu wangapi?"

Akajitetea kwamba watu wakijua mwalimu wao amesema uongo, hawataamini tena hata lile la kweli alilowafundisha, na adui yuko njiani.

"Unaiogopea elimu, au unajiogopea?"

Ghaylani aliaga akaondoka, na inasemekana alipita mbele ya ghala mara tatu siku ile bila kuingia.

Ijumaa ilipofika, khatibu alipomaliza na sala ikatolewa salamu, Mundhiri alisimama na karatasi ya majina. Kabla hajaifungua, Ghaylani naye akasimama. Akasema:

"Enyi watu wa Sanjaband. Neno lililo juu ya mlango wa ghala si la Shekhe Abu Nadhiri. Nililitunga mimi kwa wivu, siku Zuraiki aliponishinda. Shekhe hana hatia nalo. Uteremsheni ubao ule. Na kila aliyeondolewa katika safu kwa neno hilo, mimi ndiye niliyemdhulumu."

Wanafunzi wengine wakatazama chini. Amiri alikunja uso, akatamka kwamba kuanzia saa ile Ghaylani si mwalimu wa ngome tena, na Ghaylani akasema amesikia na ametii. Mundhiri alikuwa bado amesimama na karatasi mkononi.

"Mimi nilimsomea ndugu yangu neno lile," akasema. "Nilimsomea mara mbili, ili alielewe."

Akamkabidhi katibu karatasi, akatoka nje.

Ghaylani akaenda kwenye tanuri la matofali, akamkuta Zuraiki ametapakaa udongo mpaka viwikoni, akamwomba msamaha mbele ya wafanyakazi wenzake. Zuraiki akanawa mikono kwanza, kisha akampa mkono. Akamwambia kwamba yeye alikwisha kumsamehe zamani, kwa kuwa alidhani mwalimu anatii tu neno la mkubwa wake. Na kwa kuwa sasa amejua kwamba halikuwa hivyo, inambidi amsamehe upya, na hili la pili ni zito zaidi, basi ampe siku mbili. Alikuwa mkweli, naye Ghaylani akamshukuru kwa ukweli huo.

Watu kumi na saba waliokuwa wameondolewa kwa neno lile wakarudi katika safu. Wanyang'anyi walipokuja siku ya Jumatatu, Zuraiki na hao kumi na saba walisimama juu ya lango, na Ghaylani, aliyevuliwa ualimu, alipanda na kushuka ngazi akiwabebea mishale. Vita vilidumu kutwa nzima. Kabla ya jua kuchwa adui alirudi jangwani, na lango la Sanjaband halikuvunjwa. Akiwa njiani kushuka, Zuraiki alimsimamisha Ghaylani, akamwambia kwamba zile siku mbili zimekwisha, akamkumbatia.

Mundhiri hakuwa amesema na Ghaylani. Alimpita njiani kama mtu apitaye ukuta, na Ghaylani hakumlaumu, wala hakumtumia watu wa kumsuluhisha. Alimtolea salamu kila walipokutana, na hakungoja jibu. Ikapita miezi.

Kisha asubuhi moja Mundhiri akaja mlangoni kwake, ameshika upinde wa marehemu Hanashi. Hakukubali kuingia.

"Sikuja kwa sababu nimesahau," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Ndugu yangu alivuta kwa vidole vitatu, nami sikuwahi hata kumtazama vizuri anavyofanya. Nataka kujua mkono wake ulikuwa ukihisi nini. Nifundishe."

Ghaylani aliutazama upinde ule. Kisha akasema:

"Mimi bado sijaujua vizuri. Anayeujua ni Zuraiki. Twende kwake, tukae sote wawili."

Wakaenda. Zuraiki akawapokea, akawaketisha chini mbele yake, mwalimu mzee na mkuu wa safu, bega kwa bega, akaanza kuwaonyesha mahali pa kuweka kidole cha kwanza.

Ndugu zangu, tazameni jinsi neno moja lilivyotoka kinywani kwa pumzi moja, na lilivyohitaji kurudishwa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na bado pakabaki kaburi ambalo toba haikuweza kulifungua. Ghaylani alilijua hilo, na hakuacha kutubu kwa sababu hiyo. Basi mmoja wetu akijikuta amemsemea aliyekufa, au amempachika Mola wake hukumu ambayo ni hasira yake tu, asingoje moyo utulie ndipo aseme kweli, kwa kuwa hautatulia. Aseme hali moyo unatetemeka. Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu, na awarehemu Ghaylani, na Hanashi, na wote waliodhulumiwa kwa jina la wema.