Sauti Iliyosukwa Mkekani

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma mbona sijawasikia? Sogeeni karibu na moto. Hadithi ya leo ni ya usingizi, na sitaki mtu aitangulie kulala. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wanasalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nyumba kubwa ya kusukia mikeka. Kubwa kweli, nasema. Ukisimama mlango wa mashariki ukamwita mwenzako aliye mlango wa magharibi, unaweza kwenda kuoga ukarudi ndipo akaitika. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi iliota mikindu, mitende ya mwituni, isiyopatikana kwingine kokote. Mkeka uliosukwa kwa miyaa, yale majani makavu ya mikindu hiyo, haukuwa wa kukalia na kumenyea mihogo. Ukiulalia, unaota. Nchi nzima, milimani na mabondeni, watu waliilalia mikeka ya nyumba ile, na ndoto zao zote zilitoka humo.

Wasukaji walikuwa wengi, watu na ndege na wanyama wenye vidole vya kufaa. Miongoni mwao alikuwamo binti aitwaye Somoe. Yeye alikaa jamvi moja na Mnana, yule ndege mdogo wa manjano ambaye kusuka kwake hakufundishwa na mtu. Kutwa nzima walisuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa, kisha wakauzungusha na kuushona mpaka ukawa mkeka.

Mkuu wa nyumba alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na mwili mkubwa, na sauti kubwa kuliko mwili. Asubuhi mpaka jioni alipita katikati ya wasukaji akinguruma, "Vuta. Kaza. Funga." Wasukaji wakavuta, wakakaza, wakafunga. Mikeka ikatoka imenyooka, imebana, hata chungu hapiti kwenye mshono, ikapelekwa mbali. Mimi Kiboko simsemi vibaya, maana ndiye aliyeikuza nyumba ile. Lakini tusifichane, alikuwa anachosha.

Sasa, Somoe alikuwa na lake moyoni. Mama yake alikuwa hapati usingizi tangu baba alipofariki. Alijilaza katikati ya kitanda, maana hakuna tena wa kumwambia asogee, akakodolea macho dari mpaka jogoo wakawika. Alikonda, macho yakaingia ndani, akaanza kusahau chumvi kwenye mchuzi. Somoe akamletea mkeka wa nyumba ile ile anayofanyia kazi. Mama akaulalia, na usingizi ukamchukua mara moja, lakini hata hakukawia, akaamka anatetemeka.

"Umeota nini, mama?"

"Sijaona kitu, mwanangu. Nimesikia tu."

"Umesikia nini?"

"Kama mtu ananigombeza. Uondoe huu mkeka, nakuomba."

Somoe akadhani mkeka ule ulikuwa na kasoro. Ilikuwa desturi ya nyumba ile msukaji kuachiwa mabaki ya miyaa asukie chake. Basi wenzake wakienda kula, yeye alibaki, akachagua miyaa laini kuliko yote, akamsukia mama yake mkeka kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekaribia kuumaliza sauti ya Kiboko ilipomkauka.

Naam, ilimkauka. Siku moja Kiboko alifungua kinywa aseme "Vuta," kikatoka kikohozi. Akaaga, akarudi mtoni, na nyumba ikabaki haina mkuu.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Mnana alipanda darini kusikiliza, akashuka. "Dada Somoe, wanasema ajaye ni Simba." Akapanda tena, akashuka. "Dada Somoe, wanasema ni Tembo, na tutahamishiwa msituni." Akapanda mara ya tatu, akashuka manyoya yamemsimama. "Dada Somoe, huyo ajaye hata jina hawalijui, ila atapita na panga. Kila mkeka ambao haujaisha utakatwa uwashiwe moto. Na mabaki hatutapewa tena."

Mkeka wa mama yake Somoe haujaisha, na akifukuzwa hapa, miyaa ya chemchemi ile ataipata wapi? Akaukunja, akaukalia.

Mkuu mpya akaja, na hakuwa Simba wala Tembo. Alikuwa Kakakuona. Mnamjua Kakakuona? Hamumjui, na si kosa lenu. Ni mnyama wa magamba, anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Miaka yote alikuwa humo humo, ghalani, akiramba mchwa kwenye matita ya miyaa yasiliwe. Wasukaji wengine walikuwa hawajui hata kwamba yumo.

Kakakuona akapita taratibu kati ya majamvi. Hakubeba panga. Alifika katikati akasimama, na kila mtu akabana pumzi kungoja ngurumo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jamani, ninyi mnalala juu ya nini?" Kisha akaenda zake.

"Huo ni mtego," akasema Nyani. Nyani alikuwa msimamizi, na alikuwa na ufundi mmoja tu, wa kujua mkuu anapenda kusikia nini. "Niachieni mimi."

Siku ya pili Kakakuona akarudi. "Jamani, ninyi mnalala juu ya nini?"

Nyani akainama mpaka pua ikagusa jamvi. "Mkuu wetu, sisi hatulali. Tukikuwaza wewe na kazi yako, usingizi wenyewe unaona haya."

Kakakuona akaenda zake.

"Amefurahi," akasema Nyani.

"Umejuaje?" akauliza Mnana.

"Hajanifukuza."

Siku ya tatu Kakakuona akarudi, akauliza yale yale. Somoe alilijua jibu, kama walivyolijua wote, na ndilo lililomtia hofu. Akilisema, ni aibu ya nyumba nzima, na anayeitia nyumba aibu hutolewa nje. Mkeka wa mama ungeishia hapo hapo. Lakini akakumbuka yale macho yaliyoingia ndani, akasimama.

"Tunalala chini, mkuu," akasema. "Kwenye magunia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuulalia mkeka wa nyumba hii."

"Kwa nini?"

"Tukitoka kazini hatutaki hata kuuona."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Somoe akaendelea, maana maji alikwisha kuyavulia nguo. "Na mama yangu aliulalia, akaamka anatetemeka. Nilinyamaza."

Kakakuona akakaa chini. "Basi leo hatusuki," akasema. "Kila mmoja atandike mkeka alioushona yeye, alale."

Mchana kweupe! Hebu fikirini. Wakatandika, mikeka ikajaa kutoka mlango hadi mlango, wakajilaza, watu na ndege na wanyama. Jua likapenya kwenye makuti, likaanguka juu yao vipande vipande. Miyaa ikanukia. Pumzi zikaanza kwenda pamoja, zikashuka, zikapanda, zikashuka, mpaka nyumba nzima ikawa inapumua pumzi moja.

Somoe alikuwa ameutandika mkeka wa mama yake. Akajiona anatembea katikati ya miyaa mirefu kuliko yeye, myeupe, inayumba pasipo upepo. Ardhi ilikuwa laini, na kila alipokanyaga palitoa maji kidogo ya vuguvugu. Mbele kulikuwa na kibanda, mlango wazi, na ndani mtu ameketi amempa mgongo. Mgongo ule aliujua, ulikuwa wa baba yake. Akaenda haraka, na miyaa ikampisha.

"Vuta," ikasema sauti. Miyaa ikamsonga.

"Kaza." Njia ikawa nyembamba kama uzi.

"Funga." Na mlango wa kibanda ukafungwa.

Somoe akaamka analia. Nyumba nzima walikuwa wanaamka, mmoja baada ya mwingine, wameshika vifua. "Kiboko amerudi?" akauliza Mnana, amejificha chini ya bawa lake mwenyewe.

"Hajarudi," akasema Somoe. "Hajatoka. Yumo mkekani. Tumemsuka humo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila walipovuta na kukaza kwa sauti ile, sauti iliingia pamoja na miyaa. Nchi nzima, milimani na mabondeni, watu walikuwa wakifokewa usingizini na wasijue ni nani. Na kilichomuuma Somoe zaidi ni kwamba hata ule mkeka wa mama, aliousuka kwa mapenzi, peke yake, wakati Kiboko amekwenda kula, humo pia alikuwamo. Mikono yake ilikuwa imemzoea.

"Mkuu," akasema Nyani, "tuifukize mikeka udi kidogo, tuipeleke hivyo hivyo. Nani atajua?"

Kakakuona akavuta mkeka ulio karibu, akaingiza ukucha kwenye mshono, akaanza kufumua. Baadaye Mnana naye akaanza. Somoe akaushika mkeka wa mama, akauangalia mara ya mwisho, akaufumua wote. Iliuma, sitawadanganya.

Wakaanza upya, lakini vidole vilivuta vyenyewe, vikakaza vyenyewe. Somoe akamwendea Kakakuona. "Mkuu, basi tuamrishe. Tusuke vipi?"

"Nikiwaamrisha, nitaingia mimi," akasema Kakakuona. "Watu wanisikie usingizini, nina lipi la kuwaambia? Mimi ni mtu wa mchwa. Wewe unamsukia nani?"

"Mama."

"Basi kaa naye huyo."

Somoe akarudi jamvini, akakaa na mama yake moyoni. Akamkumbuka anavyopeta mchele huku midomo inamcheza. Akakumbuka baba alivyokuwa akiingia chumbani amechoka, na mama alivyokuwa akinung'unika huku akimpisha. Vidole vikalegea. Na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, wasukaji wakaisikia chemchemi ikitiririka kule nyuma.

Mikeka ya kwanza ilitoka imepinda. Wa Mnana ulitoka na tundu la mlango, na mpaka leo hataki kukumbushwa. Lakini ilikuwa laini, na watu wakalala. Ukiwauliza siku hizo ni nani mkuu wa nyumba ya mikeka, walikuna kichwa, maana hawakumsikia popote.

Somoe akaumaliza mkeka, akaupeleka nyumbani, akamtandikia mama yake. Asubuhi akaenda na uji, akafungua mlango polepole.

Mama alikuwa amelala fofofo. Hakuwa katikati. Alikuwa amejibana pembeni kabisa, nusu ya mwili iko nje ya mkeka, na upande wa pili wote uko wazi.

Somoe akaweka bakuli chini, na machozi yakamtoka. Mama akafumbua jicho moja.

"Baba yako amenenepa," akasema, akafumba tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, pembeni mwa mkeka. Aliyekwisha kulala msimwamshe, ila msogezeni, na mwingine apate nafasi.