Fisi na Nywila za Ukoo wa Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mwamba.
Mwamba ukawa na nyufa!
Na ndani ya nyufa?
Wakakaa pimbi!

Haya, kaeni. Bi Pimbi ndiye aliyetunza kumbukumbu za ukoo: nani kazaliwa, nani kafa, nani anakaa shimo lipi. Aliziweka mtandaoni, kila daftari na nywila yake, kwenye kompyuta ya kibandani kwa Fisi, maana nyingine haikuwapo. Kivinjari kilikuwa kimezeeka. Kila ukurasa, ngrrr, ngrrr, mpaka macho yamuume. Binti yake alipomletea simu yenye kivinjari kipya, Bi Pimbi akaenda kibandani kuhamisha vitu vyake.

"Shikamoo, Bi Pimbi," akasema Fisi, mate yakimdondoka, do! do! do!

"Marahaba. Nahama."

"Hama, bibi yangu, hama! Nywila zako zote zimo humu. Bonyeza tu, zitakwenda. Za huku usijisumbue, nitazifuta mwenyewe."

"Bure?"

"Bure kabisa!"

Bi Pimbi alikuwa amechoka kweli. Lakini alijua kuwa kuhama kivinjari si kama kuhamisha kitanda. Kitu kinafika kule, na huku kinabaki vilevile. Akiziacha nywila, Fisi atafungua madaftari, atasoma mashimo, na wajukuu wataliwa mmoja mmoja.

Akabonyeza. Vrrr! Vyote vikaingia simuni. Kisha akaanza kufuta vya huku. Futa, ndiyo. Futa, ndiyo. Futa, ndiyo. Mara arobaini.

"Bibi we, hujamaliza tu?" Fisi akauliza, mguu haumtulii.

"Nimechoka, mwanangu. Imebaki nywila moja, ya daftari moja. Hiyo nakuachia."

Bi Pimbi hajafika hata kwenye kona, Fisi keshafungua. Lo! Majina mia mbili, na kila jina na shimo lake! Akatimua mbio.

Ko! ko! ko! "Hodi, Mzee Kwaru!" Kimya. Akatia pua. Vumbi.

Ko! ko! ko! "Hodi, Bi Chenga!" Kimya. Vumbi.

Ko! ko! ko! Siku tatu nzima, mwamba kwa mwamba, mpaka kucha zikalika.

Siku ya nne akamwona Bi Pimbi juu kabisa ya jabali, mahali ambapo fisi hapandi.

"Wewe bibi! Ukoo wako uko wapi?"

"Jalada la daftari ulilisoma?"

"Nani asome jalada na njaa hii!"

"Limeandikwa Marehemu."

Fisi akaketi chini, pu! "Mashimo mia mbili," akasema, "na sikumkuta hata mmoja."

"Hata mimi, mwanangu," akasema Bi Pimbi, "siku hizi siwakuti."

Ngano yangu imefika ukingoni; mwenye yake na aanze.

Na funzo? Akitokea wa kuwasaidia bure, mwachieni nywila, msimdhanie vibaya. Mtazameni Fisi: katika jamaa wote wa ukoo ule, nani mwingine aliyewahi kuwazuru marehemu wote, mlango kwa mlango, na kupiga hodi?