Mifuko Miwili ya Plazima

Wapo watu wanaoona haya kuuliza wasije wakaonekana hawajui. Dismas alikuwa mmoja wao.

Mnamo mwaka wa 1996 alifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ndogo mjini Thika. Enzi hizo Ukimwi ulikuwa umewatia watu hofu, na damu ya kuongezewa iliogopwa kama kaa la moto. Siku moja Dismas alisoma jaridani kwamba ng'ambo plazima, yale majimaji ya manjano ya damu, hutibiwa kwa joto ili viini vya maradhi vife. Kwenye friza ya maabara mlikuwa na mifuko miwili tu. Ilikuwa imepimwa ikaonekana salama, lakini yeye alitaka iwe salama zaidi.

Mkuu wake, Bi. Nduku, alikuwa chumba cha pili. "Nikimuuliza ataniona sijui kazi," Dismas alijiambia. Akaitumbukiza mifuko katika maji ya moto kwa nusu saa. Ilitoka na ukungu mweupe kama uji mwepesi. Hata hivyo, akairudisha frizani kimya kimya.

Kesho yake mchana Ciku, mwalimu kutoka Mugutha, alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukoma. Daktari aliagiza plazima. Bi. Nduku aliuyeyusha mfuko mmoja, akauinua penye mwangaza.

"Dismas, hii imefanywa nini?"

"Niliipasha moto, madam. Nilitaka kuua viini, kama wafanyavyo ng'ambo."

"Na kile kinachogandisha damu umekiua pia. Wao hukikinga kwanza kwa dawa maalumu. Mbona hukuniuliza? Nilikuwa hapo tu."

Gari lilitumwa Nairobi kutafuta plazima nyingine, lakini lilirudi daktari akiwa amekwisha kumtoa Ciku kizazi ili kumwokoa.

Hakuna aliyemtuma Dismas kwenda kwa Chege, mume wa Ciku. Alikwenda mwenyewe, akamkuta kwenye benchi amempakata mtoto, akamweleza yote bila kuficha. Alitamani atukanwe, hata apigwe. Chege alimtazama mtoto.

"Basi huyu hatapata ndugu," alisema kwa upole, akamfunika mtoto miguu.

Upole ule ulimchoma Dismas kuliko kofi. Alirudi maabarani uso umemshuka, na kwa miaka mingi hakuweza kupita Mugutha bila kutazama chini. Swali moja tu lingemwepushia Ciku msiba ule. Hakika, kuuliza si ujinga.