Ziwa Lililomezewa Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto unatutosha wote.

Palikuwa na msichana, Nakijwa, na kaka yake Mbonea, huko milimani Upare. Juu ya mlima palikuwa na ziwa, nalo lilikuwa kimya. Vyura hawakusikika. Ndege hawakusikika. Hata mawimbi hayakusikika.

"Kwa nini?" Nakijwa aliuliza kila mtu. Hakuna aliyejua.

Basi, siku moja wakapanga kwenda kupiga kambi huko.

"Nani atabeba turubai?"

"Mimi," alisema Mbonea.

"Na sufuria?"

"Wewe."

"Na kuni?"

"Kuni ziko huko huko, usinichoshe!"

Walipanga mzigo wote. Hawakupanga nani atabisha hodi.

Walifika jua likiwa bado juu. Mbonea akatua turubai, akapiga kelele, "Ziwa ni letu!"

Sauti ikakatika. Akafungua mdomo tena, kimya. Akajishika koo.

Basi, maji yakapasuka, zimwi likatoka. Mashavu yalikuwa yamevimba, midomo imebanwa. Ndani ya tumbo lake sauti za vyura zililia, sauti za ndege zililia, na sauti ya Mbonea ililia, "Ziwa ni letu! Ziwa ni letu!"

Nakijwa alitaka kukimbia. Lakini angemwambia nini mama, akirudi na kaka bubu? Akalitazama zimwi vizuri. Halikuthubutu kufungua mdomo hata kidogo. Kwa nini?

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi."

Zimwi likageuza macho pembeni.

"Hodi!"

Hodi ya tatu haiachwi bila jibu, hata na zimwi.

"Karibu," likasema kwa upenyo mdogo. Sauti za vyura zikaponyoka.

"Ahaa," akawaza Nakijwa. Akauliza, "Habari za hapa?"

"Nzuri." Sauti za ndege zikaponyoka.

"Na za siku zote?"

"Mmh," zimwi likajibu kwa pua.

"Umeguna, babu. Kuguna si kuitikia."

Zimwi likabana midomo zaidi. Tumboni sauti ya Mbonea bado ilipiga kelele. Basi, Nakijwa akapiga goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Zimwi likaduwaa. Tangu lianze kuishi ziwani, hakuna aliyewahi kuliamkia. Likapanua mdomo wote.

"Marahabaaa!"

Mawimbi yakavuma. Na sauti ya Mbonea ikatoka, "Ziwa ni letu!", ikagonga mlima, ikarudi kooni mwake.

"Si letu," Mbonea akasema haraka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu," Nakijwa akauliza, "kwa nini unameza sauti?"

"Watu huja, hufungua mizigo, hupika, huondoka. Mimi wananiona kama jiwe. Nikasema, sauti zisizonisalimu nitazila."

"Na vyura, walikukosea nini?"

Zimwi likajikuna shingo. "Hao nilianza nao tu."

Likatazama turubai. "Bado mnataka kulala hapa?"

"Ukitukaribisha."

"Karibuni. Lakini kesho asubuhi..."

"Kesho asubuhi tutakuja wote wawili kukuamkia."

Wakalala hapo. Tuseme walijilaza tu, maana kwa kelele za vyura hakuna aliyepata usingizi, hata zimwi lenyewe.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Nanyi mkifika mahali pa watu, salimuni kabla ya kufungua mzigo.